Mvua haikati, oveni hakuna, rolo zimetoka kama mawe: tufanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mama. Wikendi iliyopita mvua ilianza Ijumaa usiku mpaka Jumapili, hatukutoka ndani, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mdogo wangu yuko Buffalo kule Marekani, nao walikuwa wamefungiwa na theluji, akanirushia video wanaoka rolo za mdalasini familia nzima wako jikoni, nikasema na sisi tuoke. Akanitumia vipimo: unga vikombe vinne, siagi stiki moja, oveni 350 dakika 25. Mimi sina oveni, nina jiko la mkaa, nikaliingiza sebuleni maana kibarazani mvua ilikuwa inapiga, nikaoka kwenye sufuria. Chini zimeungua nyeusi, juu nyeupe, katikati mbichi, na zile zilizoiva ni ngumu kama mawe ya Capri Point. Watoto wamenicheka. Mama mkwe kichwa kilimuuma akaenda kulala mapema hata hakuonja. Nimwambie mume wangu tununue oveni au kuna namna nyingine?"

Marahaba mwanangu. Namna ipo na oveni haihitajiki, nitakueleza yote mpaka uzi wa kukatia rolo, lakini kwanza turudi kwenye hicho kichwa cha mama mkwe maana umekitaja kwa kupita tu kama vile ni uchovu wa kawaida.

Jiko la mkaa limewaka sebuleni, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, mtu mzima anaumwa kichwa na anasikia usingizi kabla ya saa yake. Hiyo kwa kila dalili ni hewa ya mkaa, ile wanaiita kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, na kibaya zaidi inatoka sana hata makaa yakishakuwa mekundu safi hayana moshi, wakati ule ule ambao watu wanasema sasa limetulia tuingize ndani. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua vizuri tu. Kinaanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, na anayelala hapo anaweza asiamke. Wazee, watoto na wajawazito ndo wanawahi kudhurika. Kufungua kidirisha kimoja hakutoshi. Ikitokea tena mtu analalamika hivyo na jiko liko ndani, watoke wote nje hata kama mvua inanyesha, jiko litolewe, milango ifunguliwe, na kama kuna mtu amezimia au anaongea vitu havieleweki ni hospitali moja kwa moja sio maziwa. Mvua za Mwanza zinatufanya tuingize majiko ndani kila msimu na kila msimu kuna nyumba inalia, naomba yako isiwe mojawapo.

Haya, sasa utaoka wapi. Hapo hapo kibarazani. Tafuta upande ambao upepo unatokea, egemeza bati au ubao mpana usimame pale, jiko likae nyuma yake chini ya ukingo wa paa, upande wa pili uwe wazi kabisa. Turubai usining'inize karibu, linashika moto upesi. Kama una banda la jiko uani lenye uwazi wa juu hilo ni zuri zaidi. Na mkaa wenyewe, ule ambao haujawashwa, ingiza ndani mapema kabla mvua haijaanza, kwenye kiroba kisichogusa sakafu, maana mkaa uliolowa unatoa moshi, unarusha cheche, na nusu ya moto wake unaishia kukausha maji yake mwenyewe. Wewe unadhani umewasha moto mkubwa kumbe umewasha moto wa kujikausha.

Tuje kwenye moto wenyewe maana hapa ndo rolo zako ziliharibikia. Kuungua chini na kuwa nyeupe juu sio kosa la jiko la mkaa, ni kwamba moto wote ulikuwa chini. Oveni ni nini? Ni boksi ambalo joto linakuja kutoka pande zote na hewa ya ndani ni moto, basi, hamna uchawi mwingine. Watu wa pwani wanapika mkate wa kumimina kwa moto juu na moto chini tangu enzi za bibi zao na unatoka umepiga rangi vizuri pande zote. Na sheria ya kuoka kwenye sufuria ni moja: makaa ya juu yawe mara mbili ya makaa ya chini. Ukiwa na makaa kumi na mawili ya ukubwa sawa, manane yanakaa juu ya mfuniko, manne tu yanabaki chini. Wengi wanafanya kinyume, wanajaza chini alafu juu wanaweka mawili matatu ya kuonekana tu. Joto la chini linagusa chuma moja kwa moja na linapanda lenyewe, la juu ndo linahitaji kusaidiwa.

Vifaa unavyo. Sufuria nzito pana, sio ile nyepesi ya kuchemshia chai. Ndani yake tandaza mchanga mkavu kimo cha kama sentimita mbili, au chumvi ya mawe kama mchanga safi hamna. Mchanga wa ziwani unafaa ila uukaange kwanza mpaka usitoe mvuke tena, ukiwa na unyevu unageuza kuoka kuwa kupika kwa mvuke na rolo zinatoka rojorojo. Juu ya mchanga weka pete ya chuma au kikopo kifupi kilichokatwa pande zote mbili, treya ya rolo ikae hapo isiguse chini. Usiweke mawe, najua Mwanza mawe tunayo ya bure kila kona, lakini jiwe lililolowa mvua likipata moto linaweza kupasuka na kurusha vipande. Mfuniko uwe bapa, mimi napenda sinia ya bati yenye ukingo maana ule ukingo unazuia makaa kudondoka. Uwe na koleo na kitambaa kinene, na siku zote nyanyua sinia wima, ukiinamisha kidogo tu majivu yanaingia kwenye chakula na watoto watakucheka mara ya pili.

Washa makaa yote pembeni kwanza mpaka yafunikwe na majivu meupe, ndo uyagawe. Funika sufuria tupu na makaa yake ya juu na ya chini, iache ipate moto robo saa au zaidi kidogo kwa sababu ya mchanga. Kipimo cha joto huna na huhitaji: weka kijiko cha unga mkavu kwenye kifuniko cha kopo, kiingize ndani, funika, subiri dakika tano. Unga ukiwa wa dhahabu joto liko sawa. Ukibaki mweupe ongeza makaa juu, ukiwa kahawia iliyokoza au unanuka kuungua punguza chini. Hii mbinu ni ya zamani sana, ilitumika kabla oveni hazijawekewa vipimo.

Ugumu sasa. Chini kuungua kunatokana na moto lakini ugumu umeutoa kwenye vikombe. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni mililita 240, yani ukichukua chupa ya maji ya nusu lita ukaikata katikati unakaribia kabisa. Unga wake ukiujaza bila kuushindilia ni kama gramu 120 mpaka 125, kwa hiyo vikombe vinne vya mdogo wako ni nusu kilo tu. Wewe umetumia kikombe gani? Kama ni kile kikubwa cha chai, cha mililita 300 na kitu, alafu ukachota moja kwa moja kwenye mfuko ukashindilia, umeweka unga unaokaribia robo tatu ya kilo au zaidi, na maziwa hukuyaongeza kulingana na huo unga uliozidi, unga ulikuwa mkavu tangu kwenye beseni. Mara ya pili nunua pakiti ya kilo, gawa katikati, umemaliza hesabu. Stiki ya siagi nayo ni gramu 113, ni chini kidogo ya nusu ya kile kipande cha gramu 250 tunachonunua dukani. Na ile 350 ni ya Farenhaiti, kwetu ni kama 177 za Selsiasi, moto wa wastani, kama ulisikia 350 ukafikiri ni moto mkali ukachochea basi hapo nako tumepata jibu la ule weusi.

Kuna jambo lingine ambalo mdogo wako hawezi kukwambia kwa sababu yeye halioni. Buffalo iko ukingoni mwa Ziwa Erie na ile theluji yao inatokana na ziwa hilo hilo, upepo wa baridi kali unapita juu ya maji ambayo bado yana joto kidogo, unabeba mvuke, ukifika nchi kavu unaumwaga wote kama theluji. Novemba 2022 vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilipata theluji ya karibu mita mbili ndani ya siku chache, mlango ukifungua unakutana na ukuta. Na sisi mvua zetu nyingi ni za ziwa vile vile, usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unatoka kila upande kuelekea ziwani, unakutana huko katikati unapanda, radi zinapiga mpaka alfajiri. Ndo maana Bukoba wanapata karibu mara mbili ya mvua yetu, mawingu yanasukumwa kuelekea kwao. Kwa hiyo nyie ndugu wawili mlifungiwa na maziwa mawili tofauti siku moja, hiyo mwambie atacheka.

Lakini kwenye unga tofauti ni kubwa. Nyumba ya Buffalo wakati wa theluji inapashwa moto mchana na usiku, hewa ya ndani inakuwa kavu sana mpaka midomo inapasuka, unga wao nao mkavu unakunywa maziwa mengi. Nyumba ya Buhongwa siku ya tatu ya mvua kila kitu kina unyevu, chumvi imeshikana, nguo hazikauki, unga nao umeshavuta maji hewani. Ukifuata kipimo chao cha maziwa kwa unga wa uzito ule ule, wako utakuwa laini kupita kiasi. Kwa hiyo msimu wa mvua zuia kama vijiko vitatu vinne vya maziwa pembeni, uviongeze mwishoni ukiona unga unaomba. Na kitu kingine, Mwanza tuko juu, kama mita 1,140 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi badala ya 100. Kwenye rolo za hamira hilo halikusumbui sana ila kwenye keki linasumbua, hewa inatanuka haraka, keki inapanda vizuri alafu inabonyea katikati, watu wanalaumu mayai. Punguza bekingi pauda kama robo ya kipimo na sukari kidogo, hasa kama mapishi umeyatoa Dar au nje.

Sasa rolo zenyewe. Mimi nakushauri usizioke za Buffalo, oka za huku, weka viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya machungwa. Vinapatikana sokoni, na kwetu Usukumani viazi vitamu sio kitu cha kuigiza, pale Ukiriguru Misungwi kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kinashughulika na viazi na mihogo miaka na miaka. Kiazi kinasaidia vitu viwili kwenye unga, kinashika maji kwa hiyo rolo zinabaki laini mpaka siku ya pili na ya tatu, na kinaleta utamu na rangi ambayo watoto wanadhani umeweka mayai kumi. Na vitamini A juu yake.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kiazi kimoja cha wastani ukichemsha na maganda alafu ukamenya ukaponda upate kama gramu 200, yai moja, sukari vijiko vitano vya kulia, chumvi kijiko kimoja cha chai, siagi au mafuta vijiko vinne vya kulia, hamira ya chengachenga vijiko viwili vya chai, na maziwa mililita 150 ila anza na 120. Kiazi kipoe kwanza, cha moto kinaua hamira. Maziwa vile vile, kama ni ya ng'ombe ya kuletwa asubuhi yachemshe kisha yaache yawe vuguvugu, chovya kidole kikae bila kushtuka. Hamira inafurahi kwenye joto la kama digrii 25 mpaka 35 na ikifika 60 imekufa. Iamshe kwenye hayo maziwa na kijiko cha sukari dakika kumi, ikitoa povu iko hai, isipotoa usiendelee, tupa, maana paketi iliyofunguliwa ikakaa wazi kwenye unyevu huu inakufa kimya kimya na utajua baada ya saa mbili za kusubiri. Iliyobaki siku zote ihifadhi kwenye kichupa cha mfuniko mkali.

Kanda dakika kumi za kweli. Hapa ndo mume anaingia, baba wa nyumba siku ya mvua ana nguvu ambazo hazina kazi. Unga utanata mwanzoni kwa sababu ya kiazi, asiongeze unga mkavu kila akiona unanata, apake mafuta mikononi aendelee. Utajua umekandika ukikata kidonge kidogo ukakivuta taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kinatandaza kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga kabla ya kuchanika. Ukichanika mapema, endeleeni.

Kuumua wakati wa baridi ndo wengi wanakosa subira. Usiku wa mvua Mwanza unashuka mpaka digrii 17, 18, ndani labda 20, na kwa joto hilo unga unaweza kuchukua mara mbili ya muda unaouzoea. Usiuweke kando ya jiko, upande mmoja utaiva na mwingine utabaki umelala. Chukua ndoo au sufuria kubwa yenye mfuniko, weka maji ya moto kidogo chini, pandisha bakuli la unga juu ya ile pete ya chuma lisiguse maji, funika, hapo umepata chumba cha joto. Usiangalie saa, angalia unga: ukijaa mara mbili, na ukibonyeza kwa kidole kishimo kinarudi taratibu hakirudi chote, tayari.

Au ufanye akili zaidi, uitumie hiyo baridi. Jumamosi usiku watoto wakishalala kanda unga wako na hamira nusu ya kipimo, kijiko kimoja cha chai, funika vizuri, acha mezani mpaka asubuhi. Baridi inaichelewesha hamira na kule kuchelewa kunaleta ladha ambayo unga wa haraka haraka hauna. Jumapili mkiamka mvua bado ipo unga umejaa beseni. Hii mimi ndo naipenda kuliko zote.

Kusukuma na kukunja ni kazi ya watoto, usiwanyime, ndo maana ya kuoka wote, vinginevyo wangeenda kununua mkate dukani. Sukuma unga uwe mstatili wa unene wa kama nusu sentimita. Mmoja apake siagi laini gramu 50 hivi kwa mkono, aache ukingo mmoja mkavu upana wa kidole, mwingine anyunyize sukari vijiko sita saba iliyochanganywa na mdalasini kijiko kimoja cha kulia, karanga za kukaanga zilizotwangwa nusu nusu ukizimwaga hapo utanishukuru. Watalamba vidole, watamwaga, sawa tu. Kunja kutoka upande wenye siagi kuelekea ule ukingo mkavu, ukingo ulowanishe maji kidogo ushikane.

Kukata usitumie kisu. Kisu kinabonyeza, rolo inakuwa bapa na sukari yote inatoka pembeni. Chukua uzi mpya wa kushonea urefu wa mkono, ukunje mara mbili uwe imara, upitishe chini ya gogo la unga mpaka mahali unapotaka kukata, leta ncha zote mbili juu, zipishanishe kama unataka kufunga fundo, alafu vuta kwa pamoja. Uzi unaingia pande zote kwa mara moja, rolo inaanguka duara safi na mistari ya mdalasini inaonekana yote. Mtoto wa miaka sita anaweza, na ukimpa yeye kazi hii hutasikia tena habari ya kuboeka siku hiyo. Panga kwenye treya iliyopakwa mafuta, zikaribiane zisibanane, acha ziumuke tena nusu saa mpaka zigusane mabega. Wakati huo ndo unawasha mkaa.

Zikiingia kwenye sufuria usifungue dakika ishirini za kwanza, najua mtakaa mnanusa, vumilieni. Kila baada ya dakika kumi hivi zungusha sufuria robo, na sinia ya juu robo upande mwingine bila kuinyanyua, kwa sababu kibarazani upepo unachochea makaa ya upande mmoja na usipozungusha nusu ya rolo zitakuwa na rangi nusu hazina. Dakika ya ishirini chungulia. Zikiwa bado nyeupe juu ongeza makaa mawili juu, chini usiguse, na kama unasikia harufu ya sukari kuungua toa makaa mawili ya chini hata kama hujachungulia, pua inawahi kuliko macho. Kwa kawaida nusu saa mpaka dakika arobaini zinakuwa tayari. Nyanyua ya katikati, sio ya pembeni, ya pembeni siku zote inaiva kwanza inakudanganya, ifungue kidogo, kama mkunjo wa ndani hauna unga unaong'aa wa kunata toa zote. Ziache kwenye treya dakika kumi zijimalizie. Ukitaka ile rojo nyeupe ya juu ni sukari ya unga na vijiko viwili vya maziwa, mimi naona na kiazi hiki ni utamu wa kuzidi ila watoto watakataa kunielewa.

Mama mkwe umeniambia hata hakuonja. Mpe nafasi yake pia, wazee wengi wa huku hawana hamu na mdalasini, chemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ponda karanga kidogo, na chai ya rangi, mwekee karibu na mnapokandia aongee na wajukuu. Anaweza akawafundisha michembe na matobolwa yanavyotofautiana maana watoto wa mjini wanavichanganya, vya kwanza vinakaushwa vibichi, vya pili vinachemshwa kwanza. Na siku ambayo mkaa ni mchache kabisa msilazimishe rolo, kaangeni hafukeki, zinakaa kwenye ndoo wiki nzima.

Oveni ya kununua: kama lengo ni wikendi za mvua tu, usinunue, hela yako iweke kwenye sufuria nzito na sinia nzuri. Oveni ya umeme itakusaliti siku ile ile unayoihitaji, mvua ikianza na radi umeme nao mara nyingi unaondoka, na ukirudi bili inakuuliza maswali. Ukianza kuoka za kuuza, tuseme treya nne tano kwa siku, hapo ongea na fundi wa kuchomelea akutengenezee oveni ya mkaa ya sanduku, wako wengi mjini. Mwambie aweke mkaa juu na chini kwenye droo mbili tofauti, sio chini peke yake, mlango ubane vizuri, na kati ya bati la ndani na la nje ajaze kitu cha kuzuia joto lisitoke. Kabla hujalipa iwashe pale pale kwake, weka vile vijiko vya unga kwenye vifuniko vinne, kimoja kila kona, dakika tano. Rangi zikilingana lipa, zikitofautiana sana mwambie arekebishe kwanza. Na hiyo nayo inakaa nje.